Mbegu Zilizongoja Treni

Jumatano, 13 Machi

Chai, dawa ya presha, kisha shambani. Mvua ya jana imeingia vizuri. Udongo ukiufinya unashikana. Mimi na mke wangu tumetia mbegu zetu. Mgongo unalalamika.

Sasa ni zamu ya Odhiambo, mwanangu wa kwanza. Baadaye Otieno, mdogo wake. Ndivyo tunavyopanda sisi Wajaluo: wazazi, halafu watoto wa kiume kwa kufuatana walivyozaliwa. Mkewe Odhiambo yuko hapa Ndhiwa, lakini hawezi kuanza bila mumewe, naye mume anafanya kazi Mombasa. Kesho atapanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku. Ijumaa asubuhi awe hapa. Anapenda treni. Anasema haina foleni.

Alhamisi, 14 Machi

Treni imesimama. Odhiambo amepiga simu kutoka porini, upande wa Tsavo. Mtambo wa reli umeharibika mbele yao. "Baba, tumekaa hapa kama magunia ya mahindi. Hata ndovu wamechoka kututazama." Nilicheka. Otieno hakucheka.

Nikamweleza. Njia ya reli inapogawanyika, pana vipande vya reli vinavyosogezwa na mota. Vikifika mahali pake hufungwa, na mtambo hutoa habari kwamba vimefungwa. Habari isipofika, taa hubaki nyekundu. Treni haipiti, hata kama reli iko sawa. Ni usalama. Ikipita juu ya reli iliyofungwa nusu, itaanguka.

Alisikiliza hadi mwisho. Heshima anayo. Kisha: "Na shamba langu, Mwalimu, linangoja taa gani?"

Akiniita Mwalimu najua amekasirika. Ana haki. Amekodi ng'ombe wa kumchorea mistari ya kupandia, na ni kesho tu. Baada ya hapo wanakwenda kwa mtu mwingine.

Ijumaa, 15 Machi

Ng'ombe walikuja. Wakasimama. Mwenye ng'ombe akachoka kungoja, akawaswaga kwenda zake.

Odhiambo amefika Nairobi mchana. Basi la usiku lilishampita, amepata lingine. Anasema mafundi walikuja wakauzungusha ule mtambo kwa mkono, treni ikavuka polepole. Kumbe mota ikifa, mkono upo. Nimelifikiria jambo hilo kutwa.

Kwa simu alisema, "Baba, mwache Otieno apande. Mimi sina neno." Mama yao akasikia. "Unataka tumzike nani?" Kwetu, mdogo akimruka mkubwa huleta chira, ugonjwa usio na dawa hospitalini.

Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Siamini chira. Lakini nilishindwa kufungua kinywa na kumwambia Otieno: panda. Naogopa. Si chira ninayoiogopa. Mwakani mtoto mmoja hapa nyumbani akiugua, hata malaria tu, mama yao atajua wa kumlaumu. Otieno naye atajilaumu.

Jua limezama. Sabato imeingia. Odhiambo ameshuka kwenye gari giza limeshatanda, miguu imevimba.

Jumamosi, 16 Machi

Kanisani. Leo hakuna kushika jembe. Jua kali, upepo. Udongo umeanza kukauka juu.

Kesho kabla ya adhuhuri Odhiambo anaondoka. Jumatatu lazima awe kazini. Otieno alikaa benchi la nyuma, mbali na kaka yake. Mchana walikula mezani kwangu, kila mmoja akizungumza na mimi tu. Nikawajazia kimya kwa habari za reli mpaka mama yao akanikanyaga mguu.

Nimechoka kungoja. Sikudhani ningeliandika hilo.

Jumapili, 17 Machi

Odhiambo na mkewe waliingia shambani alfajiri. Otieno alisimama mpakani na mkebe wake wa mbegu. Hakuvuka.

Walipanda mistari michache tu kwa jembe la mkono. Inatosha. Desturi inataka mbegu iingie chini, haisemi ngapi. Odhiambo akavua shati lake, la kijani, akalipunga juu ya kichwa: "Pita, kijana! Njia imefunguka!"

Otieno alijaribu kununa. Akashindwa. Hata mama yao alicheka, mkono mdomoni.

Odhiambo amerudi Mombasa, kwa basi. Mkewe alimsindikiza hadi Homa Bay. Atalala kwa dada yake huko.

Jioni nimezunguka shambani na fimbo yangu. Mawingu yako upande wa ziwa, sijui kama yatatufikia. Shamba la Otieno halijapandwa hata nusu. La Odhiambo limepandwa lote, na alama za buti za Otieno zinakwenda hadi mstari wa mwisho.

Nimerudi nyumbani kunywa uji.