Simu ya Mdogo Wetu Bado Inaita

Nyumbani,
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi tunapumua tu. Presha ya Mama inapanda na kushuka.

Unajua tayari kwamba ndege ya doria ya mdogo wetu haikurudi. Sasa jeshi limetueleza zaidi. Injini moja ilizimika wakiwa mbali baharini, ya pili ikafuata, rubani akasema redioni kwamba wanashuka majini. Basi. Meli zimeokota kipande cha bawa na kiti kitupu.

Kaka, nina ugomvi na wewe. Nani alikutuma umwambie Mama kwamba simu ikiita, mwenyewe yupo? Najua ulitaka kumtuliza. Tangu siku hiyo hali, halali, kazi ni kupiga. "Inaita! Ingezama ingeita?" Mimi nakunja nguo, macho chini.

Nikaenda kambini kuuliza. Yule rafiki wa mdogo wetu anayelala naye chumba kimoja, wanamwita Twiga, akanifungulia kabati lao. Kumbe wakienda kuruka, simu huziacha. Yake ilikuwa humo, imechomekwa kwenye chaji. Nikamuuliza anaichaji ya nini.

"Dada, kila ikiita naona 'Mama'. Niiache izime?"

Nilitaka kumgombeza, nikaishia kulia begani kwake. Nyumbani sikusema kitu. Ningeanzia wapi?

Jana Twiga alitumwa kuleta vitu vya mdogo wetu. Nilimwona dirishani na begi, nikakimbilia mlangoni nimwambie aizime ile simu. Nikachelewa. Mama alikuwa jikoni, anapiga. Begi likaita.

Mama akatoka, simu sikioni. Akalitazama begi, akamtazama Twiga. Nilijua Mama ataanguka. Akakata simu.

"Ingia, mwanangu. Umekula?"

Tangu hapo hajapiga tena. Meli bado zinatafuta, lakini yeye haulizi. Amekaa tu. Kaka, naogopa. Heri alipokuwa akipiga.

Shangazi anakusalimu, ndiye anayetupikia. Msalimie wifi, wabusu watoto.

Usimpigie Mama, nakuomba. Najua ndege unaziogopa, na mimi sasa naziogopa. Panda hivyo hivyo uje, akuone mlangoni kwa macho yake. Mungu akushike mkono njia nzima.

Wako akupendaye hata akikugombeza,
Dada yako