Mama Mkwe Ananijibia

Olasiti, Arusha

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Baba umepata nafuu na upepo haukuangusha migomba. Huku mjukuu wako Dismasi ananyonya na kunenepa. Mimi ni mzima, ndivyo wasemavyo watu wa nyumba hii. Nimeandika kwa sababu nikikupigia simu mama mkwe huketi karibu mpaka nikate.

Mama, nimechoka kujibiwa. Yupo Susana, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, anayewatembelea waliojifungua na kuwasikiliza. Alipokuja mara ya kwanza aliniuliza kama napata usingizi. Mama mkwe akasema nalala vizuri. Akaniuliza kama huwa nalia. Mama mkwe akasema nilie nini, na mtori nanywa kila siku. Kweli ananipikia, tena mtori mzuri wa ndizi na nyama. Ndiyo maana nikifungua mdomo naonekana sina shukrani.

Nilimwambia mume wangu kuwa siko sawa. Efraimu akasema dada zake walizaa wakarudi shambani, sembuse mimi ninayefuliwa hadi nepi.

Susana aliporudi, nilimsikia mama mkwe getini akimwambia nimekwenda kwetu Usa River. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikasirika, lakini sikutoka nje.

Juzi Susana alinikuta peke yangu, mama mkwe yuko msibani. Tuliketi jikoni, nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu. Nakuambia na wewe. Mtoto huyu namnyonyesha, namfunika, lakini moyoni simsikii. Siku moja nikimwogesha, lilinijia wazo la kumwachia mle kwenye beseni. Nilimtoa haraka, nikamlaza kitandani, nikaenda kukaa nyuma ya banda la ng'ombe huku namsikia analia.

Nilidhani Susana angeniogopa. Akasema huo ni ugonjwa, si laana, na unatibika. Kesho ananipeleka hospitali. Alimsubiri Efraimu akamweleza nisiachwe peke yangu na mtoto. Efraimu amekubali. Mama mkwe anasema nimeitangaza nyumba yake.

Barua hii anakuletea mume wa Susana, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko. Nakuomba, akirudi huku uje naye. Wa kumbeba mtoto wapo. Ukifika usianze na mjukuu, Mama. Anza na mimi.

Mpe Baba pole ya mguu, na majirani wote wasalimie.

Mwanao,
Elieshi