Wiki Ambayo Kamera Iligeukia Ndani

Juu ya duka la fundi cherehani,
Jumapili, mwisho wa kipupwe.

Mpendwa mwanangu Kijiti,

Pokea salamu za shangazi yako. Hujambo huko uliko? Mkamwana wangu hajambo, na mjukuu wangu kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, ila magoti yameamua kuzeeka kabla yangu.

Nyumba bado nzito. Miwani ya marehemu baba yako ingali juu ya redio. Sijapata mtu wa kumpa, wala sitafuti.

Filamu uliyomwomba imekamilika. Kamera uliyomletea aliitega dirishani ijipige yenyewe kila adhuhuri, ili uone jiji lako likipita majira yote. Fundi cherehani hakuacha kumtania, "Mzee, hilo jiji litakuja lini kuchukua picha zake?" Naye kaka yangu akimjibu, "Likikubali kutulia."

Juzi fundi picha aliziunganisha. Mwaka mzima umekuwa dakika chache tu, mwanangu. Mabati yanang'aa kwa kiangazi, vumbi linapanda, kisha mawingu yanashuka na barabara inajaa miavuli. Ghorofa la njia panda linachomoza kama uyoga.

Hapo fundi picha akaisimamisha. "Mama, hapa pana kasoro. Hizi nazitoa, jiji liende moja kwa moja."

Nikatazama. Siku tuliyomtoa baba yako, machela haikupita mlangoni, wabebaji wakaisukuma meza ya dirishani iliyokuwa na kamera. Kamera ikageukia chumbani, ikaendelea na kazi yake mpaka nilipokuja kupangusa vumbi wiki iliyofuata, nikairudisha dirishani. Basi katikati ya masika kuna kitanda chenye godoro lililokunjwa. Kuna majirani wamekaa chini, bega kwa bega. Kuna fundi cherehani, mdomo wote ule, ameshika kofia mikononi. Nami nimo, nimekumbatia koti la kaka yangu.

Kazi haikukuruhusu kuja kuzika. Uliponipigia simu ukauliza nani walikuwapo, nililia tu, sikukujibu.

Nikamwambia fundi picha aziache.

"Zitaharibu kazi, mama."

"Ziharibu."

Lakini tangu jana nina wasiwasi. Labda ulitaka jiji tu, nami nimekupelekea msiba mpaka mlangoni. Kwa hiyo sikiliza: mawingu yakifunika saa ya stesheni, ujue picha hizo zimekaribia. Moyo ukikataa, fumba macho, vuta pumzi moja, ufumbue. Utakuta mvua bado inanyesha na sisi tumeshapita. Ukitaka, simamisha papo hapo, ukae nasi. Karibu na mlango pana nafasi, hakuna aliyekaa.

Msalimie mkamwana, umbusu mjukuu wangu. Fundi cherehani anakusalimu, na mama yako mdogo pia. Mungu akufunike pale mikono yetu isipofika.

Ni mimi, nikupendaye bila kupunguza,
Shangazi yako.