Simba wa Boulanger

Jumatatu, 4 Agosti 2008
Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Nimeogesha wazee sita, mmoja kanitemea chai. Yule Bwana Ron kasoma tena beji yangu: "Boulanger? You French, love?" Kila siku swali hilohilo, eti mimi Mfaransa. Mimi Mrundi.

Jumamosi, 9 Agosti
Kaka Dieudonné, ninayekaa naye hapa ughaibuni, Doonside, karudi kutoka Parramatta na fremu. Kuna kibanda madukani, unataja jina wanakuchapia asili yake. Boulanger: ukoo wa Ufaransa. Maana: mwokaji wa mikate. Juu yake ngao na simba. Kaitundika sebuleni!
Babu aliwaokea mapadri mikate. Padri hakujisumbua na jina lake, akamwandika kwa kazi yake kama punda. Ndivyo ninavyojua mimi. Leo tunatundika simba. Nina hasira.

Jumapili, 10 Agosti
Fomu ya kumwandikisha mtoto wa Dieudonné ilikuwa mezani, Boulanger tayari imeandikwa kwa kalamu. Nimeichana. Fremu nimeitupa kwenye pipa la nje. "Laisse, acha, dada, ni jina yetu!" kalia Dieudonné. Nikasema mtoto apewe jina halisi la babu.
Akauliza lipi.
Silijui. Hilo limeniuma kuliko simba.

Jumatano, 13 Agosti
Nimempigia shangazi, yuko kambi ya wakimbizi Tanzania bado. Ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki. Laini imekatika mara tatu. Nikamtukana padri weee, shangazi kaniacha nimalize. Kisha kacheka.
Kasema babu alizaliwa baada ya kaka zake wanne kufa. Akapewa jina baya, kifo kisimtamani: Nzikobanyanka. Yaani, najua wananichukia. Padri alitaka kuliandika hilohilo. Babu ndiye aliyekataa. Alisema aandikwe mwokaji, maana akitoa mikate watu humfurahia.
Mbona hukutuambia? "Hamkuuliza."
Nimemkasirikia naye. Sina pa kuipeleka hasira hii.

Ijumaa, 15 Agosti
Pipa halijachukuliwa. Kioo kimevunjika, karatasi ina mafuta. Nimemkata simba, nimebakiza mstari wa maana: mwokaji wa mikate. Nimeleta fomu nyingine. Dieudonné kaandika Boulanger tena, mimi nimembeba mtoto.
Kazini Bwana Ron kauliza tena. Nimemwambia babu yangu alikuwa mwokaji. "Good bread?"
Sijawahi kuuonja mkate wake. Nimesema mzuri sana.