Nani Alimuosha Ngoyi

Mujukuu wangu Kapinga,

Hapa Likasi tuko wazima, ni magoti yangu tu yanalia. Mama yako anakusalimia. Tumefurahi umepata kazi ya gazeti huko Kinshasa. Unaomba magazeti ya kompani ya mgodi ambayo nkambo yako, bwana yangu, aliyaandika. Sina hata moja. Niliyawashia makaa yote, na hasira ile bado ninayo.

Yaya yangu Ngoyi, kaka yangu mukubwa, alikufa katika mgodi wa Kambove, jiwe lilimwangukia kifuani. Kwenye matanga, kabla ya kuzika, lazima mtu mmoja asimame aeleze jamaa namna marehemu alivyokufa. Walimchagua nkambo yako kwa sababu alijua kusema. Akatoa karatasi aliyoandika kwa gazeti, akasoma: "Amefariki kwa ugonjwa mufupi."

Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Ugonjwa gani?"

Akanijibu polepole, "Mama, gereza ya Buluo haiko mbali."

Kwa gazeti, ningemuelewa. Aliyesema mgodi unaua alifungwa, na woga tulikuwa nao wote. Lakini pale kwenye mikeka yetu, kati ya jamaa ya marehemu, nani alimulazimisha kusoma ile karatasi?

Mama yangu, ambaye kwa heshima hakuwahi kumwangalia mukwe wake machoni, siku ile alimwangalia.

"Mukwe," alisema, "miye ndiye nilimuosha."



Kapinga, weye ukitumwa kuandika kifo cha mtu, kwanza tafuta aliyemuosha.

Nkambo yako,
Mbuyi