Mwanahawa Yuko Mlimani

Jumatatu, 7 Julai
Samaki wa asubuhi wameisha mapema. Baridi ya Julai, watu wanataka cha moto. Nasugua karai, mjukuu wangu Mwanahawa kaja kunisaidia bila kuitwa. Nikajua ana jambo. Anataka kupanda mlima. Si ule wa Morogoro waliopanda mwaka jana na wasichana wenzake wa mazoezi. Huu uko mbali, mpaka umepita kileleni, upande mmoja Uganda, upande wa pili Kongo. Juu kuna theluji. Anaomba ruhusa yangu. Mama yake angekuwa hai angemwomba yeye. Nimemwambia nitafikiri. Sijafikiri. Nimeogopa tu.

Jumatano, 9 Julai
Mwanangu Shabani kaja kavimba. Mjomba mtu, anasema neno ni lake. Msichana aolewe, asiende kufia nchi za watu. Nimemwambia sawa, mjomba ni wewe, ila aliyekuzaa ni mie. Kaondoka hajala. Sikumfungia hata kipande.

Nimempa Mwanahawa ruhusa. Si kwa kumkomoa Shabani. Mie niliozwa bila kuulizwa, nikatolewa Kisarawe nikaletwa Mbagala bila kuulizwa. Huyu kauliza. Aende.

Ijumaa, 11 Julai
Nimempeleka soko la samaki, kwenye chumba cha barafu, kwa shoga yangu Mama Asha. Nilitaka kulijaribu koti la mtumba alilonunua kwa baridi ya huko. Tukafungiwa ndani sie wawili. Mwanahawa kakaa juu ya kreti kama yuko sebuleni. Mie na khanga zangu meno yaligongana hata kusema nifungulieni sikuweza. Nikapiga mlango kwa kiatu.

Mafuta ya nazi niliyomfungia ajipake huko yameganda chupani. Jiwe. Mama Asha kacheka mpaka kakaa chini. Nimemnunulia mafuta ya mgando.

Koti linafaa.

Jumapili, 13 Julai
Kaondoka na wenzake wa mazoezi. Nimemshika kichwa, nimemwombea dua. Sikulia mbele yake. Kasema huko juu hakuna mtandao, akishuka Jumatatu ya tarehe 21 atapiga.

Jirani yetu Masanja, Msukuma, mtani wetu, kasimama uani kwake anapiga kelele. “Mzaramo mlimani! Huko hakuna minazi wala ngoma, atakaa na nani?” Nikamwambia atakaa na mbuzi, kazoea kuishi jirani na wewe.

Alhamisi, 17 Julai
Masanja kaniuliza leo kama mjukuu wangu kashaanza kukata mauno huko kwenye theluji. Mshenzi. Nimempa samaki.

Jumatatu, 21 Julai
Simu haijalia. Nimekaanga nayo kifuani.

Jumanne, 22 Julai
Haijalia. Kiongozi wa safari yao hapatikani kwenye simu. Nimeunguza karai zima.

Jumatano, 23 Julai
Masanja kapita. Kanisalimia kwa adabu, kavua kofia, kauliza nimeamkaje. Tangu tujuane hajawahi kuniamkia vizuri. Nikamfokea: nitukane, baba, nitukane kama siku zote. Kashindwa. Kavaa kofia yake, kaondoka.

Mchana wanawake wa mtaa wakaanza kuingia na mikeka. Nimewatoa. Hapa hakuna msiba. Atakayetandika mkeka uani kwangu leo nitamtandika yeye.

Shabani kaja jioni. Kasema, “Mama, ungenisikiliza.” Nimemjibu nimekusikia, sasa nenda ukaniulizie basi la Uganda. Akasema, kama kaangukia upande wa Kongo je? Nikamwambia nitakwenda Kongo. Mjukuu ni wangu upande wowote. Kanitazama sana. Kisha kaenda kuuliza.

Alhamisi, 24 Julai
Nafunga furushi, simu ikalia. “Bibi, shikamoo.” Nikaitikia marahaba, kisha nikamtukana mpaka pumzi ikakata. Yeye analia, mie natukana, Shabani anatuomba tunyamaze wote wawili.

Mwenzao mmoja kateleza kwenye barafu, mguu umevunjika. Walikuwa wanakiona kilele. Wakageuka, wakambeba kwa zamu kwenye matope siku hizo zote. Hakuna aliyekufa.

Nimefungua furushi.

Jumatatu, 28 Julai
Yuko ndani, kalala tangu alfajiri. Kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi. Midomo imepasuka. Nimemkanda miguu kwa maji ya chumvi naye hajaamka.

Adhuhuri katoka, kakaa karibu na jiko. Kasema kilele kilifunguka kidogo tu, mawingu yakakifunika. Kisha kauliza taratibu, akiwa hanitazami, kama mwakani nitamkatalia.

Nimemwekea samaki na ugali. Nimemwambia ale kwanza, kucha ziote. Ruhusa niliyompa sijamnyang'anya.