Theluji ya Kubebwa

Jumatatu, 3 Januari 1898

Mvua tena. Mwaka mpya umeingia na matope. Kutoka dirishani naona ghala, uzio, mteremko wa ng'ambo ya mto — vyote vina rangi ya kahawa iliyolala. Januari hii, na bondeni hakuna hata ukufi wa theluji. Wazee wanasema hawajawahi kuona.

Mdogo wangu Aslak kaingia, kavua buti, kakaa mbele ya jiko. Magogo yake yamelala msituni tangu vuli. Bila theluji sleji, gari lisilo na magurudumu, halitelezi, na ziwa halijaganda, kwa hiyo hakuna kuburuta chochote.

Akasema tunasubiri kitu kimoja, yeye na mimi. Yeye magogo, mimi rangi.

Nikamwambia, "Wewe utapata mwaka ujao."

Nilijuta kulisema. Usiku umeingia saa tisa mchana, kama kawaida.

Alhamisi, 6 Januari

Daktari kaja. Kanigonga mgongo kama mtu anayepima tikiti, kisha akaenda kuzungumza na Aslak barabarani. Kana kwamba mapafu ni ya Aslak. Sikusikia neno, ila nilimwona Aslak akivua kofia. Mtu havui kofia kwenye mvua bure.

"Kasema nini?"

"Unywe maziwa."

"Na nini tena?"

"Maziwa mengi."

Tukacheka kidogo. Halafu akaenda kumlisha farasi ambaye alikwisha kumlisha.

Jumapili, 9 Januari

Sina nguvu ya kwenda kanisani. Nimelala nikifikiria kazi yangu, jambo ambalo si zuri kwa mgonjwa.

Jua hutuacha Novemba. Linazama nyuma ya mlima wa kusini na hatulioni tena hadi mwisho wa Januari. Siku linaporudi hugusa kwanza paa la ghala letu — linakaa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kisha linaondoka. Huo muda ndio nimekuwa nikiukimbiza maisha yangu yote. Paris walinifundisha kupaka rangi nje, haraka, bila nyeusi, kukamata nuru kabla haijabadilika. Wenzangu walibaki kule na mito yao na bustani zao. Mimi nilirudi kwa ajili ya paa la ghala. Mama alidhani nimeshindwa masomo.

Mji mkuu walionyesha picha zangu mara moja. Bwana mmoja wa gazeti aliandika kwamba theluji yangu ni kama nguo zilizozidishiwa buluu ya kufulia. Niliumia sana. Sasa naona alikuwa sahihi, ila alicheka mapema mno.

Picha zote za paa ziko darini, nimezigeuzia ukutani. Si unyenyekevu. Nazijua. Theluji imekaa juu ya mbao kama shuka lililoanikwa, na jua limepita juu yake bila kuigusa. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Jumatano, 12 Januari

Damu asubuhi. Nimechoma kitambaa jikoni kabla Aslak hajaamka. Mvua.

Jumapili, 16 Januari

Jirani yetu Gunhild kaja na jibini na maneno mengi. Tumecheza wote utotoni, kwa hiyo hanihurumii, na nampenda kwa hilo.

"Sasa Torborg, theluji unaijua kuliko uso wako. Si uipake tu kwa kukumbuka?"

Nikamweleza kwamba nikikumbuka napaka kile ninachokijua, na ninachokijua ndicho kilichoharibu picha zote zile. Lazima niione.

"Haya mwenzangu. Mimi nikipika uji sihitaji kuuangalia."

"Ndiyo maana unaungua."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alipoondoka Aslak bado alikuwa pale kwenye benchi. Miaka yote hii amenibebea kiunzi na turubai la kuchorea, ameniwashia moto nikipaka rangi kwenye baridi, lakini hajawahi kuuliza. Leo kauliza.

"Dada, hasa unataka nini?"

Nikamwambia. Nuru ya kwanza juu ya theluji. Mara moja tu, niipate sawasawa.

"Paa tu?"

"Paa. Na uzio ule. Na ua kidogo."

"Basi," akasema, akatoka.

Alhamisi, 20 Januari

Aslak kaondoka asubuhi na gari la farasi, lile la kubebea mbolea, amelisugua. Alisema anakwenda juu mlimani. Juu kuna nini? Hakuna ng'ombe huko majira haya.

Jioni karudi na gari limejaa theluji.

Niliisikia sauti ya Halvor, mume wa Gunhild, kabla sijaona kitu. Alikuwa akitembea kando ya gari: "Aslak, umefungua duka? Nipimie kibaba. Au unauza kwa pakacha?" Wanaume wengine barabarani wakaangua kicheko. Aslak akaendelea kuongoza farasi kama hasikii. Karibu na ghala, upande wenye kivuli, akaimwaga na kuifunika kwa maranda, kama watu wanavyohifadhi barafu ya kiangazi.

"Siku jua litakaporudi, asubuhi tutaitandaza," akaniambia. Uso ulikuwa mwekundu, sijui kwa baridi au kwa aibu.

Nilimmiminia kahawa.

Jumatatu, 24 Januari

Halvor amechoka kucheka. Leo kaleta gari lake mwenyewe. Anasema hana kazi nyingine, na mke wake kamwambia asirudi nyumbani bila theluji. Wamepanda mlimani yeye na Aslak, na wanaume wengine wawili waliokuwa wakizurura tangu Krismasi. Kuna rundo kubwa sasa. Wamekula mikate mikavu na samaki wa chumvi jikoni kwangu, wakabishana mlima gani una theluji nyeupe zaidi. Nyumba haijawa na kelele namna hii tangu mazishi ya Mama.

Walipokwenda nilijikokota hadi nje kuiangalia. Niliinua maranda kwa mkono.

Imekufa. Imepigwa mabeleshi, imeshindiliwa, imekuwa punje za kijivu kama chumvi ya ng'ombe. Kuna majani makavu ndani yake. Mwanga ukiifikia utakaa juu tu.

Aslak alikuwa nyuma yangu. "Nzuri?"

"Nzuri."

Alhamisi, 27 Januari

Siku ya jua kurudi. Wanaume walipanda ngazi kukiwa bado giza, wakatandaza. Gunhild kaweka donge la siagi kwenye kizingiti cha dirisha ili jua liiyeyushe, kama mama zetu walivyofanya. Wakanikalisha kwenye kiti na mablanketi, turubai mbele yangu.

Ukungu. Mzito kiasi kwamba ghala lenyewe lilikuja na kuondoka. Tukasubiri. Kisha mvua. Theluji ikaanza kuteleza kutoka kwenye paa vipande vipande, ikianguka uani kwa sauti ya matapishi. Kufikia mchana mbao zilikuwa nyeusi tena. Siagi ilikuwa ngumu vilevile.

Watu wakaaga kwa sauti za chini, kama msibani.

Aslak akasema kesho hali itabadilika, upepo umegeuka. Ataleta nyingine. Nilikuwa nimechoka, kifua kinawaka. Nikasema ambalo sikupaswa kusema.

"Acha. Ile theluji yako imekufa, Aslak. Hata jua lingetoka isingefaa kitu."

Alisimama na kofia mkononi.

"Ulisema nzuri."

"Nilidanganya."

Akafikiri. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Akauliza iliyo hai ikoje. Nikamwambia ambayo haijaguswa, nyepesi, imelala kama ilivyoanguka.

"Hiyo iko chini ya jabali, kule juu kabisa," akasema. Kama mtu aliyekumbuka alikoacha kisu chake.

Ijumaa, 28 Januari

Kumekucha kweupe. Baridi kali, ya kwanza mwaka huu, mbingu kama kioo. Nasikia mto umeanza kukauka sauti kingoni unapoganda.

Halvor alikuja mlangoni kumwambia asiende chini ya jabali. Mvua imelowesha theluji ya chini, ya juu imekaa kama sahani juu ya mafuta, inaweza kuporomoka wakati wowote. Aslak akasema atapita kandokando.

Karudi kabla giza halijaingia. Safari hii hakuijaza kwa beleshi. Aliikata vipande, akavilaza juu ya shuka — shuka zetu nzuri, za Mama! — na kuvifunika. Akapanda ngazi peke yake, akaviweka juu ya paa kwa mikono, kimoja kimoja, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilimwangalia hadi nisiweze kuona.

Ni nzuri. Safari hii ni kweli. Nilimwambia, na nikamwambia inatosha.

"Uzio bado."

"Uzio si kitu."

"Ulisema paa, na uzio, na ua kidogo."

Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nilivishika kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Tangu alipokuwa mdogo sijamshika mikono. Kesho gari moja tu, asema, na atakuwa amerudi kabla ya jua.

Jumamosi, 29 Januari

Mbingu safi. Hakuna wingu.

Aslak aliondoka nikiwa nimelala. Gunhild kanivisha, kanikalisha dirishani, kafungua dirisha. Rangi ziko tayari kwenye ubao. Siagi iko kizingitini.

Mstari wa jua unashuka mteremko wa ng'ambo. Tunauona ukija.

Tulisikia kishindo juu. Si kikubwa. Kama magunia ya unga yakishushwa ghalani. Gunhild kaniangalia, akasema labda ni barafu ya ziwa. Ziwa halina barafu.

Baadaye Blakka, farasi wetu, akaingia uani peke yake. Anatoka jasho, hatamu zinaburutika chini, mti mmoja wa gari umevunjika na gari halipo. Akasimama mbele ya mlango wa ghala akisubiri afunguliwe.

Halvor na wanaume wamepanda mbio na mabeleshi na fito ndefu za kuchomea theluji. Nilijaribu kusimama. Gunhild kanirudisha kwenye kiti, akasema nitulie, Aslak ni mjanja, huenda amekaa kwenye jiwe anatutukana. Kisha akatoka kwenda getini na hajarudi.

Naandika kwa sababu siwezi kufanya kingine. Nikiacha kuandika nitasikiliza.

Mstari umevuka mto.

Unakaribia ua.

Jua limefika kwenye paa. Si nyeupe. Si buluu, wala ile rangi ya waridi niliyokuwa nikiiweka kingoni kwa kubahatisha. Ni kama ngozi ya mtu aliyesimama karibu na moto, na chini yake kuna zambarau nyembamba sana, inatembea. Kila kipande alichokilaza kina kivuli chake. Naona alipobonyeza kwa kiganja. Mungu anisamehe, naona yote.

Kwenye kona ya barabara ya juu wametokea watu. Wako mbali. Wanatembea pamoja, polepole, wamebeba kitu kati yao. Kinaweza kuwa fito tu. Gunhild ameinua sketi, anakimbia kuwaendea.

Nuru imeanza kuondoka kwenye ncha ya paa.

Kalamu iko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una brashi, tayari ina rangi. Sikumbuki kuichukua.